Tanga Jeupe la Rasi ya Sounion

Ndugu mgeni rasmi, walimu wenzangu, wanafunzi wa uchoraji, mabibi na mabwana: asalaam aleikum, na poleni kwa mvua ya jioni hii.

Nimeombwa niseme juu ya picha moja tu kati ya zilizotundikwa ukutani, ile ya rangi za maji inayoonyesha nguzo nyeupe juu ya jabali na bahari chini yake. Nimekubali kwa sababu wakati tunazitundika watu watatu, kila mmoja kwa wakati wake, waliniuliza kama pale ni Kilwa. Si Kilwa. Ni Rasi ya Sounion, ncha ya kusini ya mkoa wa Attica nchini Ugiriki, kiasi cha kilomita 70 kutoka Athens, na jengo lile lililobaki mifupa mitupu ni hekalu la Poseidon, ambaye Wagiriki wa kale walimwabudu kama mungu wa bahari. Nilifika huko nilipokwenda kumtembelea dada yangu aliyeolewa Athens, nikiwa na brashi nne, kisanduku cha rangi, chupa mbili za maji na karatasi sita, na niliporudi mjini usiku nilikuwa na karatasi moja tu ya kumwonyesha mtu. Hiyo moja ndiyo mnayoiona, na ina kasoro ambayo nitaieleza kabla sijaketi.

Msafiri anayetoka Athens kwa basi, mwendo wa karibu saa mbili ambao sehemu yake kubwa unafuata ufuo, huliona hekalu kabla hajaitambua rasi yenyewe. Limesimama juu ya jabali lenye kimo cha mita 60 hivi kutoka usawa wa bahari, na maji yamelizunguka pande tatu, hata mabaharia wa karne za baadaye, ambao hawakujali tena ni mungu gani aliyekuwa akiabudiwa pale, waliiita rasi hiyo Cape Colonna, yaani Rasi ya Nguzo, kwa kuwa nguzo ndizo walizozitumia kujua wamefika wapi. Lilijengwa kati ya mwaka 444 na 440 KK, juu ya mahali pa hekalu la zamani zaidi ambalo jeshi la Xerxes, mfalme wa Waajemi, lililiharibu mwaka 480 KK. Nguzo za nje zilikuwa 34. Zilizosimama leo hazifiki nusu ya hizo. Kila moja ina kimo cha mita sita na kidogo, na mifereji iliyochongwa kutoka juu hadi chini ni 16 badala ya 20 iliyozoeleka kwa nguzo za Kidori, mtindo mmoja wa ujenzi wa Wagiriki wa kale, jambo ambalo mtalii hapitishi hata dakika moja kulifikiria, lakini mchoraji hulishukuru, maana mfereji ndio unaobeba kivuli, na mifereji ikiwa michache vivuli huwa vipana na brashi hupata pa kupita.

Lililonishika zaidi ni weupe wake. Marumaru ya hekalu la Parthenon kule Athens ilichimbwa katika mlima Penteli na ina chembe za chuma ambazo, baada ya kupigwa na hewa kwa karne nyingi, zimeipa rangi ya asali. Marumaru ya Sounion ilichimbwa katika bonde la jirani la Agrileza na chuma chake ni kidogo sana, kwa hiyo jengo limekaa mbele ya jua na chumvi kwa karne 24 na bado ni jeupe. Nililitazama kwa muda mrefu kabla ya kufungua kisanduku changu, nikiwa na hofu ambayo wachoraji wa rangi za maji waliomo humu wanaijua na wengine inabidi waelezwe.

Rangi ya maji ni unga laini uliofungwa kwa gundi ya mgunga, ile ambayo kwa wingi hutoka Sudan na ambayo wafanyabiashara huiita gundi ya Kiarabu. Ukiichanganya na maji na kuipaka, haifuniki karatasi kama rangi ya mafuta inavyofunika turubai. Mwanga hupita ndani yake, hufika kwenye karatasi, kisha hurudi kwa mtazamaji ukiwa umebeba rangi, na kwa sababu hiyo mwanga wote wa picha unatoka chini na si juu. Mchoraji wa rangi ya mafuta akikosa weupe hufungua kifuko cha rangi nyeupe akaupaka, hata siku ya mwisho. Mchoraji wa rangi za maji hana kifuko hicho. Weupe wake ni karatasi yenyewe, na kila mahali anapotaka pawe peupe ni lazima apaamue kabla hajalowesha brashi, apazunguke, apalinde, asipaguse mpaka mwisho. Wapo wanaopafunika kwa utomvu wa mpira unaoganda na kubanduliwa baadaye. Mimi siupendi, kwa kuwa huacha ukingo mkali kama wa kitu kilichokatwa kwa mkasi, na nililipia msimamo wangu huo siku ileile. Zipo pia rangi nyeupe nzito za kupachika juu, na sitamcheka anayezitumia, ila zikikauka huonekana kama chokaa kwenye shati.

Maana yake ni kwamba hekalu mnaloliona pale ukutani halikuchorwa. Nilichora mbingu iliyo nyuma yake, vivuli vilivyo katika mifereji yake na miamba iliyo chini yake, na hekalu ni pale nilipojizuia.

Sasa niiseme hadithi, kwa sababu bila hadithi hiyo nisingepanda basi. Aegeus alikuwa mfalme wa Athens. Androgeos, mwana wa Minos mfalme wa Krete, aliuawa akiwa katika nchi ya Attica, na Minos akawatoza Waathens kodi ya damu: kila mwaka wa tisa, vijana saba wa kiume na mabinti saba wapelekwe Krete, wakaingizwe katika jumba la vichochoro visivyo na mwisho, alimokaa Minotaur, kiumbe mwenye mwili wa mtu na kichwa cha fahali. Zamu ya tatu ilipofika, Theseus, mwana wa mfalme, alijitoa kwenda pamoja na wenzake. Meli ya msiba huo ilikuwa na tanga jeusi, na hapakuwahi kuwa na sababu ya kuweka jingine, kwa kuwa hakuna aliyewahi kurudi. Safari hii Aegeus alimkabidhi mshika usukani tanga la pili, jeupe, akamwagiza kwamba wakirudi na mwanawe akiwa hai walipandishe hilo, na wakirudi bila yeye waliache lile jeusi, ili yeye apate kujua mapema, kabla meli haijatia nanga na kabla mtu hajafungua kinywa.

Theseus alimuua Minotaur, akatoka katika vile vichochoro kwa kuufuata uzi aliopewa na Ariadne binti Minos, akamchukua binti huyo hadi kisiwa cha Naxos, na huko akamwacha, kwa sababu ambazo waandishi wa kale hawakubaliani na ambazo hazinipi heshima yoyote kwake. Walipoikaribia Attica hakuna aliyelikumbuka tanga. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, anasema walisahau kwa furaha, Theseus na mshika usukani wote wawili. Wengine wakasema ni huzuni ya kumpoteza Ariadne iliyomfumba macho. Mzee aliyekuwa akiitazama bahari siku baada ya siku aliona weusi ukija, akajitupa kutoka juu ya mwamba. Bahari ile ikaitwa kwa jina lake, Aegean, hadi leo.

Mwenye Kiswahili akiisikia hadithi hii husikia jambo ambalo halihitaji kufasiriwa. Sisi tunapandisha matanga na tunakaa matanga. Vitambaa vya jahazi na siku za kulala chini kwa ajili ya marehemu tunavitaja kwa neno lilelile, na kama ni neno moja lililogawanyika au ni mawili yaliyokutana njiani nitawaachia wenye kamusi. Nilikuwa nimeketi juu ya jiwe, karatasi ikiwa magotini, nikimsimulia dada yangu kisa hiki kwa Kiswahili, na nilipofika mahali pa mzee kuyaona matanga nikanyamaza, maana nilikuwa nimesema mambo mawili kwa pamoja bila kukusudia. Aegeus aliyaona matanga ya meli, na yakawa matanga ya nyumba yake.

Lazima niwe mkweli kuhusu mahali. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK aliyeandika kwa makini kuhusu kila jengo alilolipita, anamweka Aegeus juu ya mwamba wa Acropolis katikati ya Athens, karibu na hekalu la Ushindi, mahali ambapo bahari inaonekana kwa mbali, na anasema kuwa ni hapo alipojiangusha. Mtu akianguka kutoka pale huangukia mawe. Bahari iko kilomita kadhaa mbele yake. Mapokeo ya baadaye yalimhamisha mzee hadi Sounion, na naona sababu: ukishasema kwamba bahari imepewa jina la mtu aliyekufa ndani yake, huna budi kumtafutia jabali lililo juu ya maji, na katika Attica yote hakuna jabali linalofaa kuliko hili, ambalo kila meli inayotoka kusini au mashariki kwenda Athens hulipita. Sina ugomvi na Pausanias. Lakini mimi ni mchoraji, na kati ya mwamba wa kweli usioangukia maji na mwamba wa uvumi unaoyaangukia, nilichagua wa pili.

Rasi yenyewe ilikuwa na marehemu wake hata kabla ya Aegeus kuhamishiwa hapo. Katika Odyssey, utenzi wa kale wa mshairi Homer, mfalme Menelaus anarudi kutoka vita vya Troy, na walipofika Sounion, ambayo mshairi anaiita rasi takatifu ya Athens, mshika usukani wake Phrontis anakufa ghafla, mikono ikiwa bado kwenye usukani na meli ikiwa mwendoni, na Menelaus anasimamisha safari ili amzike. Hilo ndilo tukio la zamani zaidi linalotajwa kutokea hapo, na napenda kwamba ni la mfanyakazi wa chombo na si la mfalme.

Kuna habari nyingine ambayo si hadithi, au si hadithi tupu, na kwangu ndiyo inayoipa rasi hii uzito kuliko zote. Waathens walidai kwamba chombo walichokuwa wakikituma kila mwaka kisiwani Delos kwa ibada ya mungu Apollo kilikuwa kilekile alichosafiria Theseus, kikitunzwa kwa kubadilishiwa mbao zilizooza, ubao mmoja baada ya mwingine, mpaka wanafalsafa wakaanza kubishana kama bado ni chombo kilekile au la. Tangu chombo hicho kivikwe taji la maua kwa ajili ya safari hadi kirejee, ilikuwa mwiko mji kumuua mtu kwa hukumu. Mwaka 399 KK taji liliwekwa siku moja kabla ya kesi ya mwanafalsafa Socrates, kwa hiyo alipohukumiwa kifo ilibidi akae gerezani akisubiri upepo. Plato, mwanafunzi wa Socrates, anaeleza jinsi Crito, rafiki wa Socrates, alivyokuja kabla ya mapambazuko, akaketi kimya akimtazama amelala, na alipoamka akamwambia kwamba meli haijafika bado, ila wamekuja watu kutoka Sounion walioiacha huko. Kuonekana Sounion kulitosha. Kwa mara ya pili, meli ya Theseus ilikuwa inakuja nyumbani salama, na kwa mara ya pili mtu wa Athens alikuwa anakufa kwa sababu yake.

Ukiyajua hayo huwezi tena kuichora ile bahari kwa buluu ya kadi za posta.

Kabla yangu kuna wachoraji wengi waliowahi kukabiliana na rasi hiyo, na ninayemrudia mara kwa mara ni Mwingereza Joseph Mallord William Turner, aliyezaliwa London mwaka 1775 na kufa mwaka 1851. Picha yake ya rangi za maji ya hekalu la Sounion, aliyoichora mnamo mwaka 1834, ni mali ya jumba la sanaa la Tate huko London. Nguzo zinang'aa na mbingu imejaa dhoruba. Naye hakuwahi kuikanyaga Ugiriki hata siku moja. Alizichora nchi za mashariki ya Mediterania kwa kutegemea michoro ya wasanifu majengo na wasafiri waliokwenda na kurudi, na wakati huo alikuwa akitayarisha picha za kuambatana na mashairi ya Byron, mshairi Mwingereza ambaye alifika Sounion mwaka 1810 na kufia Missolonghi, mji wa Ugiriki, mwaka 1824 alipokwenda kuwaunga mkono Wagiriki katika vita vya kujikomboa kutoka kwa Waturuki. Mpaka leo watalii huonyeshwa jina la Byron lililochongwa kwenye jiwe la hekalu. Kama ni yeye aliyelichonga, alifanya utovu wa adabu, na kama ni mwingine aliyelichonga kwa niaba yake, huyo alifanya utovu mkubwa zaidi.

Turner alikosea hata mwenye nyumba. Katika zama zake wasafiri waliamini kwamba hekalu la kileleni ni la mungu wa kike Athena, ambaye Warumi walimwita Minerva, kwa sababu Pausanias aliandika hivyo, na Pausanias ni mtu wa kuaminiwa mpaka siku anapokosea. Baadaye maandishi yaliyofukuliwa pale yakathibitisha kwamba nyumba ya juu ni ya Poseidon, na kwamba Athena alikuwa na hekalu lake dogo kwenye kilima cha chini, mwendo wa dakika chache kwa miguu, ambalo limebaki msingi tu. Kwa hiyo tuna picha kubwa ya mahali iliyochorwa na mtu asiyefika, ya mungu asiyekuwamo, na kwa maoni yangu inasema ukweli wa ile rasi kuliko picha elfu za simu zilizopigwa jua likizama jioni niliyokuwa huko. Alijua jambo moja ambalo wapiga picha wale hawakulijali: Sounion si mahali pa kutazamia jua. Ni mahali ambapo watu walisimama wakingoja vyombo.

Alijua pia kuhusu waliozama. Mskoti William Falconer, akiwa baharia kijana, alikuwa katika meli iliyovunjika karibu na Cape Colonna, wakapona watatu tu, na mwaka 1762 alichapisha shairi refu kuhusu ajali hiyo ambalo Waingereza walilisoma kwa miongo mingi. Bahari ilimngoja. Desemba 1769 aliondoka Rasi ya Tumaini Jema kuelekea India katika meli ya Aurora, na meli hiyo haikuonekana tena. Wengi hudhani ilipotea katika Mlango wa Msumbiji, upande wetu huu wa dunia.

Lakini nimemleta Turner kwa ajili ya mikono yake. Yeye alikuwa mchoraji wa rangi za maji ambaye hakukubali kwamba weupe ukishapotea umepotea. Alilowesha karatasi mpaka ikawa kama kitambaa kilichotolewa kwenye ndoo, akamwaga rangi, akaifuta kwa sifongo, akaikwangua. Mwaka 1818, akiwa mgeni katika nyumba ya rafiki yake huko Yorkshire, alichora manowari moja kwa asubuhi moja mbele ya kijana wa nyumba hiyo, naye kijana akaeleza jinsi alivyokuwa akiiparura na kuisugua karatasi kama mwenye wazimu, kwa ukucha wa kidole gumba aliouacha ukue mrefu. Katika picha ya Sounion pia alikwangua. Pale ambapo rangi ilikuwa imeshafunika, aliipasua ngozi ya karatasi ili weupe wa ndani utokeze, na mtu akiisogelea picha ya namna hiyo kwa ubavu huona nyuzi za karatasi zimesimama kama manyoya. Hii ndiyo njia pekee ya kurudi tuliyo nayo, na ni njia ya jeraha.

Niliketi upande wa magharibi, chini ya jabali, ambapo hekalu linaonekana likiwa juu ya kichwa cha mtu. Ilikuwa kiangazi na ule upepo wa kaskazini ambao Wagiriki huuita meltemi ulikuwa unavuma kwa nguvu, upepo unaoweza kukausha karatasi kabla brashi haijafika upande wa pili, na karatasi tano za kwanza ziliharibika kwa namna tano ambazo hazina funzo lolote. Kwenye ya sita nilifanya ninachowaambia wanafunzi wafanye: niliketi na penseli na kuamua weupe wote kwanza. Nguzo, ukingo wa ngazi za hekalu, mstari mwembamba wa povu chini ya miamba, na mbali baharini, upande wa kulia, kiraka kidogo kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho, ambacho kilikuwa kiwe tanga. Nilikizungushia penseli. Nikakiwekea hata alama ya nukta pembeni.

Kisha nikaanza na mbingu. Siku ile mbingu haikuwa ya dhoruba, ilikuwa safi, lakini nguzo nyeupe mbele ya mbingu nyeupe hazionekani, na weupe hauna nguvu yake wenyewe, huazima nguvu kwa jirani yake. Nikachanganya buluu ya ultramarini na udongo uliochomwa, mchanganyiko unaotoa kijivu cha mawingu, na ultramarini ikazama katika vishimo vya karatasi kwa chembechembe kama mchanga mwembamba, kama nilivyotaka. Nguzo zikaanza kujitokeza. Sijui niwaambieje furaha ya dakika zile, wachoraji wanaijua. Nguzo moja ilikaa, ya pili ikakaa, nikaona jengo zima linasimama kwenye karatasi ambayo sikuwa nimeigusa, na mkono ukaendelea kushuka na kijivu kilekile, kutoka mbinguni kuingia baharini, kulia kabisa hadi ukingoni, bado ukiwa mbichi, bado unatiririka, na dada yangu ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, mashua iko wapi.

Plutarch anasema walisahau kwa furaha. Nilikuwa nimeusoma mstari huo miaka mingi na nikiuona ni kisingizio cha kijana aliyedekezwa.

Nilijaribu kuinyonya rangi kwa kitambaa, lakini upepo ulikuwa umeshamaliza kazi yake. Mkitazama kwa makini mtaliona umbo lake, kwa sababu penseli haikufutika: tanga dogo, la rangi ya kijivu nzito kuliko maji yanayolizunguka, maana pale nilipokandamiza kitambaa rangi ilirundikana ukingoni na kukauka ikiwa nyeusi zaidi. Kuna habari moja ambayo dada yangu aliisoma baadaye usiku na kunisomea akicheka. Plutarch huyohuyo anamtaja mshairi Simonides, aliyesema kwamba tanga la wokovu alilolitoa Aegeus halikuwa jeupe hata kidogo, lilikuwa jekundu, limechovywa katika rangi itokanayo na mti wa jamii ya mwaloni. Ningekuwa mfuasi wa Simonides ningetia tone la wekundu mzito juu ya kijivu na kwenda kula chakula cha usiku. Mimi niliamini tanga jeupe, na kwa rangi za maji jeupe halipachikwi baadaye.

Wembe ninao. Nilikuwa nao ndani ya begi siku ile, ninao hata sasa, na mara mbili nimeiweka picha hii mezani chini ya taa nikiwa nimeushika, nikijua kabisa jinsi Turner angefanya, mkwaruzo mmoja wa haraka kutoka juu kwenda chini, na mzee angeliona tanga lake. Mara zote mbili nimeurudisha wembe kwenye ala yake. Mara ya kwanza ilikuwa woga, kwa kuwa karatasi ikipasuka hakuna karatasi ya saba. Mara ya pili sikuwa na woga. Niliitazama tu ile nukta ya penseli niliyoiweka pembeni ili nisisahau, nikaona kwamba nikikwangua tanga, nukta itabaki haina kazi.

Picha iko ukuta wa kushoto, ya pili kutoka dirishani. Tanga liko kulia, juu kidogo ya mstari wa maji. Mnaweza kuisogelea, ila nawaombeni mliokwisha kupewa chai muweke vikombe mezani kwanza, maana rangi ile bado inayeyuka ikiguswa na maji. Ahsanteni sana.